Uso Mmoja, Wenyewe Wawili

Beirut, mtaa wa Furn el-Shubbak
8 Machi 1998

Nazira, roho yangu,

Picha yako imefika salama. Imeletwa na kijana wa kina Tarazi aliyerudi kutafuta mke, pamoja na kahawa na ule mkebe wa peremende ambao mwanangu Ghassan ameumaliza kabla sijauona rangi. Picha nikaiweka mezani. Asubuhi majirani walipokuja kunywa kahawa kama kawaida yao, Um Nakhle wa mlango wa pili akaichukua, akavaa miwani, akauliza: "Huyu ni bintiyo? Miaka yote hii hukutuambia kama una binti Brazili!"

Binti! Mama, Mungu amrehemu, alisema ulinitangulia kwa robo saa, ulinisukuma ukapita mbele kama ulivyokuwa ukifanya kwenye foleni ya mkate. Leo wewe mkubwa umekuwa binti yangu. Nilicheka nao, na walipoondoka nikaenda kusimama mbele ya kioo, picha nimeibandika shavuni. Dada, tumeachana njia wapi? Tulikuwa watu wawili wenye sura moja. Baba alikuwa akituita kwa kubahatisha. Sasa mashavu yangu yameshuka yamekalia taya, na shingo ndiyo usiniulize, shingo ya bata mzinga. Vita vile, mimi na Ghassan tukilala kwenye ngazi, mabomu yakipita juu, vimeniandika usoni mstari kwa mstari. Wewe uko vilevile ulivyopanda meli.

Habari yenyewe ni hii: Ghassan anaoa! Anamchukua Mireille, binti wa mwenye duka la dawa, msichana mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Harusi ni Jumapili tarehe sita Septemba. Hatujaonana tangu mazishi ya mama mwaka 1974, na safari hii hakuna vita vya kunipa udhuru mimi wala wewe. Utasimama nami mlangoni pa kanisa kupokea wageni. Na hapo ndipo moyo unaponidunda. Watu watatupa mkono, watatazama huku, watatazama kule. Sitaki waulizane yupi kamzaa mwenziwe. Niambie unafanya nini, usinifiche.

Unizike wewe, nisikuzike mimi, kama tuombeanavyo kwetu.

Pacha wako,
Widad


São Paulo
29 Machi 1998

Widad, jicho langu,

Barua yako niliisomea dukani, nikapiga kigelegele mpaka mteja akaangusha jora la hariri. Mume wangu Shafiq akatoka stoo na mkasi mkononi, alidhani tumevamiwa. Ghassan anaoa! Yule mtoto ndiye mtoto pekee wa nyumba zetu mbili, na mimi nimemwona kwa picha tu. Tunakuja. Hata kama itabidi nimbebe Shafiq mgongoni, tunakuja.

Ama kuhusu uso, mbona rahisi. Papai. Kila asubuhi nusu nala, nusu napaka. Maji mengi, nalala mapema. Sina watoto wa kunikesha, hiyo nayo ni dawa, ingawa dawa chungu. Nakutumia krimu kwa mkono wa Bi Salwa Kfouri wa klabu yetu ya Walebanoni, akisafiri. Usijisumbue na kingine chochote. Uso wako ni mzuri, naujua.

Mwambie Mireille acheke vivyo hivyo, asikubali mtu amnyamazishe.

Dada yako,
Nazira


Beirut
3 Mei 1998

Nazira,

Papai.

Nimelitafuta papai Beirut nzima. Nimelipata moja, limenyauka kama mimi, nimelipaka, limeniwasha. Mireille aliponiona na mashavu mekundu akanishika mkono akasema, "Tante Widad, twende kwa mtu anayejua kazi." Akanipeleka Ashrafieh kwa Daktari Zaven, Muarmenia mwenye mikono midogo kama ya mwanamke. Wakati wa vita alikuwa akiwashona nyuso waliopigwa na vipande vya mabomu. Sasa anatushona sisi tuliopigwa na miaka.

Nikamwekea picha yako mezani. Nikamwambia, "Daktari, nataka hivi. Huyu ni pacha wangu, hajafanya lolote ila papai."

Akaitazama picha. Akaisogeza dirishani. Akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Kisha akaanza kucheka, Nazira, akacheka mpaka akatoa leso.

"Madame," akasema, "hilo papai lilikuwa na mkasi. Tazama ncha ya chini ya sikio la dada yako ilivyovutwa chini kidogo, imeshikana na shavu. Tazama nywele za nyuma ya sikio, zimepanda juu ya pale zinapoota. Ni kazi ya fundi mzuri, lakini fundi wa zamani. Alivuta ngozi tu."

Nikamuuliza yeye angefanyaje. Akaniambia nimfikirie mtu anayetandika kitanda. Godoro likiwa limebonyea, ukivuta shuka tu, kesho linakunjamana tena, na mvuto unaonekana pembeni. Yeye hukata mbele ya sikio, akazunguka nyuma hadi ndani ya nywele, akaingia chini ya ngozi hadi kwenye tabaka la nyama linaloshika uso. Hilo ndilo analolinyanyua na kulishona mahali lilipokuwa zamani. Ngozi hailazimishwi, inalala yenyewe juu yake. Kwa shingo, hupasua kidogo chini ya kidevu, akaikutanisha misuli miwili iliyoachana katikati. Nikamuuliza kuhusu hatari. Hakunificha: damu yaweza kujikusanya chini ya ngozi, na neva inayoendesha mdomo iko karibu na kisu. "Ndiyo maana," akasema, "mimi hufanya kazi polepole na bila redio."

Kwa hiyo, mwongo mkubwa wewe, nimekujua. Ulitaka nipake matunda hadi kufa huku wewe umeshonwa kwa uzi wa hariri? Sijakasirika. Nilicheka njia nzima, Mireille akinisaidia. Lakini nimeshachukua siku: Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita. Ghassan ananuna, anasema anataka mama yake wa kawaida. Nimemwambia wa kawaida atarudi, huyu aliyepo ndiye mgeni.

Widad


São Paulo
18 Mei 1998

Widad, Widad, usifanye.

Nacheka kwa kukamatwa, na aibu imenijaa hadi kwenye hizo ncha za masikio yangu. Ndiyo, nilifanya. Ilikuwa mwaka 1989. Wake wote wa klabu yetu walikuwa wamefanya, huku watu huenda kwa daktari kama wanavyokwenda saluni. Nikakuficha kwa sababu wewe ulikuwa unalala kwenye ngazi na mimi nalipa watu wanivute mashavu. Ningekuandikiaje hilo?

Lakini nikwambie usilolijua. Tangu nifike nchi hii, kila asubuhi nilikuwa nakuona wewe kwenye kioo. Mvi ya kwanza ilipotoka nilijua nawe umepata yako. Kunyanzi likianza mdomoni, nasema Widad leo kanuna. Simu zilipokatwa kwa vita, kioo ndicho kilichoniletea habari zako. Kisha wakanifungua bandeji. Alikuwepo mwanamke mzuri ndani ya kioo, mpole, simjui. Nikamngoja aondoke urudi wewe. Hukurudi. Nililia, na Shafiq maskini akadhani ni maumivu.

Najua nakuja harusini. Lakini zaidi nakuja kukaa mbele yako niutazame uso ambao ungekuwa wangu. Ni mashavu ya mama hayo, na ile shingo unayoitukana ilikuwa yake pia. Huo ndio uso pekee uliobaki, uko kwako. Nakusihi usiuguse hadi nifike. Nikishauona, ufanye utakalo, hata mimi nitakushikia mkono hospitali.

Barua hii nampa Bi Salwa Kfouri. Anapitia Paris kwa bintiye kwa siku chache tu, atakufikia kabla ya siku yako kwa daktari.

Nakubusu macho,
Nazira


Beirut
22 Juni 1998

Nazira wangu,

Bi Salwa alikaa Paris wiki mbili nzima. Binti yake kajifungua.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio, maana nisipoanza na kicheko nitaanza na machozi, na machozi daktari ameyakataza.

Operesheni ilikwenda vizuri. Mdomo unacheza vizuri, namshukuru Mungu na mikono midogo ya Zaven. Nikarudi nyumbani na bandeji iliyozunguka kichwa, ikapita chini ya kidevu, ikafungwa utosini. Niliamriwa kulala chali juu ya mito, nisigeuke, nisiongee, nisicheke. Majirani nilikuwa nimewadanganya kwamba nakwenda Zahle kwa binamu yetu kupumua hewa. Nikafunga madirisha yote ya mbao, Ghassan akaenda kazini, nikameza kidonge changu nikalala.

Nilisahau jambo moja. Um Nakhle nimempa ufunguo tangu enzi za vita, na ukimwambia jirani yako unasafiri, yeye huja kukumwagilia maua bila kuombwa. Basi akaingia na kopo lake la maji. Akaniona: chumba giza, mimi chali, mikono kifuani, uso wa zambarau, na taya limefungwa kwa kitambaa vile tunavyowafunga maiti wetu.

Hakunigusa. Alipiga yowe, mimi na kidonge changu wala hatukusikia. Nilipoamka nilisikia harufu ya ubani. Viti vya plastiki vilishapangwa barabarani, muuza mboga kashusha mlango wa duka, kahawa chungu ya msiba iko motoni, na Padri Simaan amesimama miguuni pangu na chetezo. Wanawake wanalia. Um Nakhle anasema nilikuwa na moyo wa dhahabu, kwamba mtaa mzima haukuwa na mpishi kama mimi. Nazira, yule mwanamke hajapata kunisifu hata siku moja! Nikaona nisifumbue macho kwanza, nisikilize kidogo.

Ningeendelea, ila akaongeza: "Mungu amsamehe, na ile sahani yangu ya bluu amekufa nayo."

Nikasema kupitia bandeji: "Ulikuja kuichukua Pasaka!"

Padri aliangusha chetezo, zulia la mama likatoboka. Um Nakhle akaketi chini pale alipokuwa. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba ni muujiza, mpaka Ghassan akafika anahema, ameitwa kutoka kazini aje kumzika mama yake, akawaeleza wote ukweli mbele ya padri. Kisha Um Nakhle akafuta machozi akauliza, "Shingo pia anafanya?" Kahawa ikatiwa sukari. Walikaa hadi jioni, wakanichekesha hadi nyuzi zikaniuma, na kila mmoja ameondoka na anwani ya Zaven.

Jioni hiyohiyo, viti havijaondolewa, Bi Salwa akafika na barua yako.

Niliisoma mara mbili. Dada, sikujua. Mimi niliuchukia huu uso, kumbe nilikuwa nimekushikia amana. Ungeniambia kwa simu! Ungepiga kelele! Nimekaa na kioo mkononi, uvimbe unashuka, njano inageuka kuwa ngozi, na sijui anayetokea humo ni nani. Nimekunyang'anya kitu ambacho siwezi kukurudishia, nami naumia kwa hilo kuliko kwa kisu.

Nisamehe.
Widad


São Paulo
10 Julai 1998

Widad,

Nimecheka juu ya sahani ya bluu mpaka Shafiq akaniletea maji. Kisha nimelia, basi, na kalamu nimeiweka mbali siku kadhaa kwa sababu ilikuwa inataka kukutukana.

Huna kosa. Nilichelewa mimi, na nilidanganya mimi. Lakini siwezi kukudanganya tena: ile furaha ya safari imenipungua. Nakuja kama mtu anayekwenda kutazama nyumba ya wazazi ambayo imeshauzwa. Mara nyingine nafikiri nimwache Shafiq aje peke yake na zawadi.

Nazira


Beirut
28 Julai 1998

Nazira,

Shafiq peke yake simtaki. Anakoroma.

Njoo. Picha sikutumii, ng'o. Kama nimeharibu, njoo uone mwenyewe ulichoharibiwa, unikaripie hapahapa mbele ya watu kama dada wa kweli. Ghassan anakuja uwanja wa ndege kukupokea. Ameshona suti, ameng'arisha viatu, anauliza kila siku huyo dada wa mama yake, Khalti Nazira, anapenda nini. Mtoto huyu hajawahi kukumbatiwa na ndugu wa damu yangu. Usimwadhibu yeye kwa ajili ya mashavu yangu.

Kunafa ya asubuhi, ile ya jibini na shira, inakungoja, na mimi.

Widad


São Paulo
30 Septemba 1998

Widad, mpenzi wangu,

Tumefika. Masanduku bado yamejaa viungo vya zaatari, Shafiq anapaka hata kwenye ndizi. Nyumba kimya. Nimekaa kukuandikia jambo ambalo siku zote nilizokuwa kwako nilishindwa kulitamka, na nikilibeba zaidi ya leo litanikaba.

Unakumbuka siku ya uwanja wa ndege, wewe ulikwenda kuninunulia maua. Mimi nilitoka mbele, Shafiq amebaki nyuma anagombana na mtu wa mizigo. Nimesimama kwenye umati, natafuta uso nisioujua. Mara mkono ukanishika kiwiko. Kijana mrefu, suti mpya, hata hakunitazama vizuri, ananivuta tu: "Mama, unakwenda wapi huku? Khalti hajatoka bado! Na hilo koti umelitoa wapi?"

Nilimjua mara moja. Ana pua ya baba.

Widad, mtoto aliyekufungua bandeji kwa mikono yake, aliyekuona kila siku ukibadilika, amenitazama mimi akaona wewe. Mafundi wawili wasiojuana, bahari katikati, wametushona tukarudi mtu mmoja. Ulipokuja mbio na maua yako nilihakikisha kwa macho yangu, ulikuwa wewe na ulikuwa mimi, nikapiga yale mayowe uliyoyasikia. Uchungu wote ulinitoka pale pale. Hilo unalijua, tuliliimba na kulicheza mpaka harusini, na mlangoni pa kanisa hakuna aliyethubutu kutupa mkono bila kuuliza kwanza majina.

Usilolijua ni kilichotokea kabla ya maua. Wajua kwetu khalti humwita mpwa wake "khalti", na mama humwita mwanawe "mama". Nilipaswa kusema, "Ni mimi, khalti." Midomo ilikuwa tayari. Badala yake nikamjibu, "Naam, mama." Nikatembea naye, kanishika mkono, hadi karibu na mlango, mimi mama wa mtu. Hapo ndipo Shafiq aliponiita jina.

Laiti ingeishia hapo. Aliendelea kunikosea mpaka tulipoondoka! Asubuhi: "Mama, kahawa iko tayari?" Kwenye ngazi: "Mama, nishike mkono." Siku ya harusi alikuja kwangu na tai yake: "Mama, nifungie." Na kila mara nilitaka kumsahihisha, na kila mara nikaitika. Nimekuibia, Widad. Nilikuja kudai uso, nikaondoka nimeiba na mtoto. Nikasirikie, nastahili.

Nazira


Beirut
19 Oktoba 1998

Nazira, mjinga wangu mkubwa,

Unadhani nimezaa mtoto asiyemjua mama yake?

Pale uwanjani alikosea kweli. Hiyo moja nakupa. Jioni alikuja jikoni, wewe uko barazani unacheka na Um Nakhle, akafunga mlango akaniambia: "Mama, leo nilimwita Khalti mama, naye akaitika. Ungeona uso wake. Nimeona haya kumwambia nimekosea." Kisha akaniuliza kama nitaumia akiendelea.

Dada yangu, makovu yangu ya nyuma ya masikio bado mekundu, yako yameshafifia. Mimi nanukia kitunguu, wewe wanukia saluni. Mimi nagomba, wewe waimba. Hata paka wa Um Nakhle alitutofautisha siku ya pili. Tai ile Ghassan huifunga vizuri kuliko sonara anavyofunga mkufu; aliifunga mwenyewe chumbani, akaitazama kwenye kioo, akaifungua, ndipo akaja kwako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nashikilia ua la koti lake. Nikarudi nyuma msinione, nikalia kwa furaha mpaka Mireille akanipaka poda upya.

Sikuumia. Nilikaa na mtoto huyu peke yangu vita vyote, nikimwomba Mungu, nikipigwa na bomu, asibaki bila mama. Sasa silali na hofu hiyo.

Kila Jumapili baada ya misa atakupigia simu. Mstari ni mbaya, atapiga kelele. Akikuita, itika.

Widad